Kuzunguka Ziwa Victoria kwa Siku Kumi: Panga Matembezi, Chakula na Pesa Kabla Hujafika Mpakani

Ukisema "likizo ya nje" hapa Muhoroni, watu wanafikiria Dubai na ndege. Lakini hebu angalia ramani. Kutoka stendi yetu, ukipanda matatu ya Kisumu kupitia Chemelil na Miwani, kisha basi la Busia, unaweza kula chakula cha jioni Uganda siku hiyo hiyo. Ukiendelea kuzunguka ziwa utapita nchi mbili za kigeni na miji mitano ya kulala, halafu urudi nyumbani kwa njia ya Migori. Hakuna ndege hata moja.

Mwezi wa nane nilizunguka hivyo na mama yangu na mtoto wa dada yangu. Mama amepalilia miwa maisha yake yote kando ya mto Nyando. Alikuwa na swali moja tu: maji haya yakishaingia ziwani, yanaenda wapi? Nilimwahidi kumwonyesha. Safari ilifaulu, lakini usiku mmoja Kampala ilikaribia kuharibika, na shida haikuwa kukosa pesa. Pesa ilikuwepo, ila hatukuweza kuifikia. Nitaeleza hapo chini, ili wewe usipitie.

1. Anza na njia, halafu siku, halafu bei

Wengi huanza na bei ya hoteli. Ni afadhali uanze kwa kuandika vituo kwa mpangilio, na mbele ya kila kituo uandike jambo moja tu ambalo hutaki kulikosa. Yetu ilikuwa hivi:

- Jinja, usiku 2: mahali Mto Nile unapoanzia
- Kampala, usiku 2: makaburi ya Kasubi na msikiti wa Old Kampala
- Bukoba, usiku 1: kupumzika
- Mwanza, usiku 3: kisiwa cha Saanane na jumba la Bujora
- Musoma, usiku 1: Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere

Jambo moja kwa kila kituo linatosha. Mengine yakipatikana, ni nyongeza. Ukiandika mambo sita kwa siku, utamaliza pesa kwenye bodaboda na hutakumbuka ulichoona.

2. Stakabadhi

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania wanataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kwa kuwa mzunguko huu unakuingiza Tanzania ukitokea Uganda, beba pasipoti tangu mwanzo, na mtoto awe na yake. Bebeni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ipigwe angalau siku kumi kabla ya safari, usingoje wiki ya kuondoka.

Busia na Mutukula ni vituo vya pamoja vya mpakani: maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, upande ule unaoingia. Hakikisha umepita madirisha yote mawili, la kutoka na la kuingia. Usimfuate mtu yeyote anayekuambia ana "njia fupi" kwa ada kidogo.

3. Gawa pesa mifuko mitano

Bajeti yetu ya watu watatu kwa siku kumi ilikuwa Ksh 90,000. Tuliigawa hivi:

- Nauli zote, pamoja na boda na teksi: 27,000
- Malazi, usiku 9 kwa wastani wa 2,500: 22,500
- Chakula, siku 10 kwa 1,800: 18,000
- Viingilio na mashua: 10,000
- Akiba ya dharura: 12,500

Bei hubadilika, kwa hivyo usikariri hizi, chukua mtindo wake. Cha muhimu ni akiba. Hiyo haiguswi kwa sababu umeona kitenge kizuri. Ni ya ugonjwa, basi lililoharibika, au usiku wa ziada usiotarajiwa.

Wazo lingine: chakula kipewe kiasi cha kila siku, siyo cha safari nzima. Leo mkila kwa 1,200, kesho mna 2,400 za samaki mkubwa. Hivyo hata mtoto anajua kwa nini leo ni chapati.

4. Kubadilisha pesa: hapa ndipo watu huumia

Tunatumia "shilingi" nchi zote tatu, lakini ni shilingi tatu tofauti. Pale mpakani utakutana na vijana wameshika mabunda ya noti. Tuseme duka la kubadilisha pesa linakupa shilingi 28 za Uganda kwa Ksh 1, na kijana anakupa 25. Tofauti ya tatu unaona ni kitu kidogo. Haya, piga hesabu ya Ksh 20,000: dukani unapata 560,000, kwa kijana 500,000. Umepoteza 60,000 za Uganda, zaidi ya Ksh 2,100. Hicho ni chakula chetu cha siku nzima.

Kwa hivyo:

- Angalia kiwango cha siku kwenye simu kabla ya kushuka kwenye basi.
- Mpakani badilisha ya kutosha siku ya kwanza tu. Nyingine badilisha mjini, kwenye benki au duka lenye leseni.
- Hesabu mwenyewe, noti kwa noti, kabla ya kuachilia zako.
- Usitoke Uganda na shilingi nyingi za Uganda. Mutukula bado zina soko, lakini ukifika Mwanza utahangaika.

Zoea pia masikio yako. Boda wa Kampala akisema "tano" anamaanisha elfu tano. Usishtuke, lakini pia usikubali kabla ya kugawanya kichwani.

5. Pesa ya simu nje ya nchi

Sasa ule usiku wa Kampala. Ilikuwa Jumapili, saa mbili usiku. Nilikuwa nimebadilisha pesa kidogo tu, nikijiambia, "Si pesa iko kwa simu?" Kumbe laini yangu ya Kenya sikuwa nimeiwezesha kutumika nje. Simu ilikuwa na intaneti ya nyumba ya wageni, lakini ujumbe wenye nambari ya uthibitisho haukuingia. Bila ile nambari, programu haifunguki. Salio lilikuwa elfu arobaini na kitu, na mfukoni tulikuwa na pesa ya chapati mbili kwa watu watatu. Mama alizikata vipande, akampa mtoto kikubwa, akaniuliza kwa upole, "Nyathina, kesho tutakula nini?" Sikuwa na jibu. Yule mwenye salio alikuwa mimi, na aliyetuokoa ni mama: alikuwa ameshona noti mbili za elfu za Kenya kwenye pindo la leso yake. Asubuhi tulizibadilisha, tukanywa chai, nikaenda kutafuta namna ya kuwezesha laini.

Jifunze kwa njaa yetu:

- Wezesha laini yako itumike nje kabla ya kuvuka, ukiwa bado Kenya. Kisha jaribu: mwambie mtu akutumie ujumbe ukishafika upande wa pili. Hata kama hutapiga simu nayo, laini hiyo ndiyo inayopokea nambari za uthibitisho.
- Wakala wa huko hawezi kukutolea pesa kutoka kwa pochi yako ya Kenya kama wakala wa Muhoroni. Kinachofanyika ni kutuma kutoka kwa pochi yako kwenda nambari ya simu ya Uganda au Tanzania, na pesa inafika kwa shilingi za huko. Kabla ya kubonyeza "tuma", soma vitu viwili: ada, na kiwango cha kubadilisha. Ada ndogo yenye kiwango kibaya bado ni ghali.
- Laini ya huko husajiliwa kwa hati. Nenda na pasipoti kwenye duka rasmi, usinunue iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Pesa ikiingia huko, inaingia kwenye pochi yenye jina la mtu mwingine. Uliza pia kama laini ya mgeni inaruhusiwa kufunguliwa pochi.
- Lipa moja kwa moja badala ya kutoa. Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa unayotoa, juu ya ada ya kawaida. Ukitoa 500,000, kodi peke yake ni 2,500. Tanzania tafuta kibao cha "Lipa Namba" dukani na kwenye mgahawa.
- Usiweke pesa mahali pamoja. Sehemu kwenye simu, sehemu kwenye kadi, noti chache mwilini, na kidogo kwa mwenzako. Mama alijua hili kabla kampuni za pesa ya simu hazijazaliwa.
- Nambari ya siri ni yako peke yako. "Msaidizi" anayeomba akushikie simu ili akufanyie haraka, mwambie asante, kisha ondoka.

6. Cha kuona, na namna ya kulipia

Jinja. Njiani mtavuka mstari wa ikweta pale Maseno, bure kabisa. Jinja kwenyewe, Speke alifika maporomoko ya Ripon mwaka 1862. Leo hutayaona, yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954. Unachoona ni maji ya ziwa yakijikusanya na kuanza kukimbia. Mashua ndiyo raha yake, lakini kubaliana kabla ya kupanda: bei ni ya mashua nzima au ya kila mtu? Ni kwenda na kurudi? Viokozi vipo? Lipa nusu, nusu baadaye. Mama aliweka mkono ndani ya maji, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe miwa yetu hunywa kwanza, halafu Misri."

Kampala. Makaburi ya Kasubi yaliungua mwaka 2010 na yamejengwa upya, paa lile kubwa la nyasi. Ni mahali patakatifu pa Buganda: vaa kwa heshima. Jifunze na maneno: huko "taxi" ni matatu yetu. Ukitaka gari la peke yako, omba "special", na bei ikubaliwe mapema.

Njia ya Bukoba. Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ikweta inawangoja tena, safari hii na maduka ya vinyago. Mkishavuka Mutukula, daraja la Kyaka juu ya mto Kagera ndilo lililovunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, kisha likajengwa tena.

Mwanza. Kutoka Bukoba unaweza kwenda kwa meli ya MV Victoria, ambayo hulala njiani, au kwa basi kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Meli haiendi kila siku, kwa hivyo uliza ratiba kabla ya kupanga siku zako. Saanane ni hifadhi ya taifa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wengine, mradi uonyeshe hati. Usiiache hotelini.

Butiama. Mwalimu alizikwa hapa mwaka 1999, na jumba la makumbusho liko papo hapo. Ukimaliza, Sirari haiko mbali, kisha Isebania, Migori, Kisumu, nyumbani.

7. Kula vizuri bila kulia

Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, majina ndiyo hubadilika. Omena wetu Uganda ni mukene, Tanzania ni dagaa. Mbuta, Uganda ni mputa, Tanzania ni sangara. Ngege, Mwanza muite sato. Ukijua jina la huko, unauliziwa bei ya mwenyeji.

- Njiani kati ya Jinja na Kampala basi husimama Namawojolo: kuku wa kijiti na ndizi za kuchoma. Weka noti ndogo mkononi, dirishani hakuna muda wa chenji.
- Kampala, rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Ni kifungua kinywa cha bei ndogo kinachoshiba.
- Luwombo, kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la mgomba, kula mchana. Huo ndio mlo mmoja wa kugharimia.
- Bukoba, ukienda Novemba au Desemba, onja senene.
- Tanzania, chakula cha mama lishe ni kizuri na bei inajulikana. Asubuhi agiza supu na chapati.

Samaki mzima hupimwa kwa ukubwa. Mchague mwenyewe na muulize bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Akishakaangwa, mazungumzo yamekwisha.

Kabla ya kutoka nyumbani, pitia haya

1. Pasipoti za wote na vyeti vya chanjo. Picha zake pia zipo kwenye simu.
2. Laini imewezeshwa kutumika nje, na umejua kiwango cha juu cha kutuma kwa siku.
3. Ada na viwango vya kutuma Uganda na Tanzania umevisoma.
4. Mtu mmoja nyumbani ana orodha ya vituo vyenu na tarehe.
5. Akiba imetengwa, na noti mbili zimeshonwa kwenye leso.

Hilo la tano si mzaha. Sisi tunauza huduma ya pesa ya simu na tunaiamini, lakini simu huzima, mtandao hupotea, na tumbo halingoji. Safari njema, na mkirudi mtusalimie Nyando.