Kabla Baba Hajapanda Lori la Mashambani

Msimu wa tumbaku unapokaribia, watu hupita vijijini wakitafuta vibarua wa kwenda Urambo na mashamba mengine ya Tabora. Anayeondoka ni baba wa nyumba, au kijana aliyemaliza darasa la saba. Anayebaki na watoto na deni la dukani ni wewe, mama.

Bibi zetu waliyajua haya. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1923, kibarua aliyetoroka kazi aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyochukua wanaume kutoka Kigoma, Njombe na Songea. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi kamwe, na wajukuu wao wako Tanga mpaka leo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ni tofauti kabisa. Mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi maandishi yanayoonyesha kazi yake, saa zake, malipo yake na mahali alipoandikishwa. Asiyeelewa maandishi hayo lazima aelezwe kwa namna atakayoelewa.

Hapo penye mahali pa kuandikishwa, mama, tazama kwa macho mawili. Mkataba ukikoma mbali na hapo, mwajiri anatakiwa amrudishe mfanyakazi pamoja na mizigo yake, au amlipe nauli, na amtunze kwa chakula anaposubiri safari. Sasa mtu aliyechukuliwa Kasulu akiandikiwa kwamba ameajiriwa Urambo, nauli ya kurudi ataidai kwa nani?

Vibarua wengi wa tumbaku hungoja mpaka zao liuzwe ndipo walipwe, tena baada ya kukatwa unga na dawa. Musa aliwaagiza Waisraeli wamlipe kibarua maskini kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Sheria yetu haikufika huko, lakini inataka siku ya malipo iwe ya makubaliano, na deni lisikatwe ila kwa ruhusa ya sheria au kwa kibali cha maandishi cha mfanyakazi mwenyewe. Mwambie baba asitie dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Na watoto je? Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na aliye chini ya 18 hapaswi kupewa kazi ya hatari, hata ya shambani. Jani bichi la tumbaku lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mchumaji hutapika na kushikwa na kizunguzungu. Usimtoe mwanao akamsaidie baba yake kuchuma.

Mambo yakiharibika, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka malalamiko. Madai mengine, kama ya mshahara, siku 60. Nenda na ile karatasi. Kama mwajiri hakuitoa, nenda hivyo hivyo: ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha walipatana nini.