Nati haikazwi kwa hasira

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya bustani na sabuni, tuongee habari za nati za pikipiki. Akina mama msifunge ukurasa, maana hasara yake inafika mpaka jikoni.

Jambo lenyewe lilianza na ile Honda CG125 ya zamani, ambayo familia tatu ziliichangia pesa. Kijana anayeiendesha alibadilisha oili mwenyewe, vizuri tu. Mwisho akaogopa ile boliti ya chini ya kumwagia oili isije ikalegea. Akachomeka bomba kwenye mkono wa spana, akavuta kwa nguvu zote mpaka akasikia imekubali. Kumbe haikukubali, ilikuwa imekula meno! Kesho yake ikaanza kuvuja njiani. Injini ile inabeba oili kama lita moja tu, basi haikwenda mbali, ikakamata. Familia tatu zikakaa wiki nne bila hata senti ya pikipiki. Hatumcheki. Na sisi tulifundishwa hivyo hivyo: kaza mpaka mkono uchoke.

Honda walianza kuuza CG125 mwaka 1976, wakaitengeneza makusudi iwe ngumu, kwa watu ambao fundi na vifaa viko mbali. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona barabarani zina injini iliyoigwa kwake, kwa hiyo haya yanamhusu hata mwenye pikipiki mpya. Lakini ugumu una mpaka. Kava na hedi ya injini ni alumini, boliti ni chuma. Vikishindana, inayoliwa ni alumini.

Tena boliti haishiki kwa sababu imebanwa tu. Ukiikaza inavutika kidogo sana, kama mpira, na inataka kurudi. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoshika. Ukizidisha, inavutika moja kwa moja, hairudi tena. Ukipunguza, mtikisiko wa barabara unaifungua.

Sasa kiasi gani? Mafundi wenye vifaa wana toki renchi, spana yenye kipimo. Nguvu ya kuzungusha inapimwa kwa kuzidisha uzito unaovuta na urefu wa mkono wa spana. Ukivuta kilo 5 kwenye umbali wa sentimita 20, hiyo ni kilo-mita 1, karibu sawa na nyutoni-mita 10. Kwa boliti za kawaida Honda wanataka nyutoni-mita 10 kwa boliti ya unene wa milimita 6, ile ya spana namba 10, na 22 kwa ya milimita 8. Hedi, ekseli na sehemu nyingine maalumu zina kipimo chake kwenye kitabu cha pikipiki.

Toki renchi hatuna, lakini madumu tunayo! Lita moja ya maji ni kilo moja. Bana boliti ya zamani kwenye jiliwa, ilale, uifunge nati kwa mkono juu ya washa. Weka soketi na mkono wake ukiwa umelala sawa kama meza. Pima sentimita 20 kutoka katikati ya nati, ning'iniza hapo dumu la lita 5 lililojaa, uliachie polepole. Mkono ukishuka, uinue uanze tena, mpaka usimame wenyewe ukiwa umelala. Hapo umefika 10. Kwa boliti ya milimita 8 chukua dumu kubwa, tia maji lita 10. Dumu lenyewe linaongeza karibu kilo moja.

Halafu toa dumu, vuta kwa mkono, usikie ulivyo. Rudia hata mara ishirini. Mtashangaa ilivyo kidogo! Yule kijana, tuseme alivuta kilo 20 tu kwenye bomba la sentimita 60: hiyo ni karibu nyutoni-mita 120.

Meno yawe safi na makavu, maana yakiwa na oili nguvu ile ile inaivuta boliti zaidi. Nati za hedi zikazwe injini ikiwa baridi, kwa msalaba, kidogo kidogo mara tatu, siyo moja mpaka mwisho ndipo nyingine. Plagi izungushe kwa vidole mpaka ikae. Ikiwa mpya ongeza nusu mzunguko kwa spana, ya zamani robo tu au pungufu. Na washa ya boliti ya oili ibadilishwe. Ikivuja, mara nyingi kosa ni la washa, lakini watu wanaongeza nguvu.

Ile Honda imerudi barabarani. Fundi wa mjini alitoboa tundu upya, akaweka boliti nene kidogo. Kwa hiyo atakayeimwaga oili safari ijayo asitafute spana ile ya zamani, haiingii.