Mipaka ya Rimoti Moja kwa Vifaa Vyote

Rimoti ya vifaa vyote, inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue pamoja na kikaratasi kilichojaa namba za misimbo, hutimiza sehemu tu ya jina lake. Watengenezaji wa runinga, ving'amuzi na viyoyozi hawakuwahi kukubaliana kuhusu namna moja ya kutuma amri. Kampuni kubwa zilibuni kila moja itifaki yake, na rimoti hii hubeba zile tu ambazo kiwanda chake kiliamua kuziweka. Kifaa ambacho msimbo wake haumo hakitaitika, hata rimoti iwe mpya na betri ziwe zimejaa.

Amri nyingi husafiri kwa mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, ambao jicho haliuoni. Kamera ya simu, hasa ya mbele, mara nyingi huuona: kitufe kikibonyezwa mbele yake, taa ya rimoti huonekana ikimetameta. Jaribio hilo husaidia kujua kama tatizo ni betri au ni msimbo. Mwanga huo hupigwa kwa kasi kubwa ili kipokezi cha runinga kiutofautishe na mwanga wa jua na wa taa za ndani. Vifaa vya Sony hutumia mipigo 40,000 kwa sekunde, itifaki ya NEC 38,000, na RC-5 ya Philips 36,000. Tofauti ndogo huvumilika: kipokezi cha 38,000 hupokea 36,000 pia, ila kwa umbali mfupi zaidi, ndiyo maana kuna rimoti zinazofanya kazi mtu akisogea karibu tu. Bang & Olufsen walichagua mipigo 455,000, na huko rimoti nyingi za bei ya chini hazifiki kabisa.

Baada ya mipigo huja mpangilio wa ujumbe. Katika NEC, ujumbe hufunguliwa kwa mwanga wa milisekunde 9 na ukimya wa milisekunde 4.5, kisha hufuata biti 32: anwani ya kifaa, amri, na kinyume cha kila moja ili kipokezi kihakiki. Sony hutumia biti 12, 15 au 20, na vifaa vyake kwa kawaida husubiri ujumbe urudiwe mara tatu kabla ya kutii. Rimoti inayojua amri sahihi lakini ikaituma mara moja tu huweza kupuuzwa.

Jina lililoandikwa kwenye runinga nalo halitoshi kutafutia msimbo. Runinga nyingi za majina madogo hujengwa kwa bodi za viwanda vingine, hivyo huitikia msimbo wa kampuni ambayo haitajwi popote kwenye kasha. Wakati huohuo kampuni moja huweza kuwa na misimbo kadhaa iliyobadilika toleo hadi toleo. Kosa la kawaida wakati wa kutafuta msimbo ni kuridhika na wa kwanza unaozima runinga. Kuzima kunaweza kukubali huku menyu, chanzo cha picha na namba vikikataa, kwa hiyo vitufe hivyo vijaribiwe kabla ya kuhifadhi.

Rimoti zinazojifunza huondoa sehemu ya usumbufu huu. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa rimoti ya CORE kupitia kampuni yake CL 9. Ilinakili amri za rimoti nyingine zikielekezwa kwake. Kunakili nako kuna mtego. RC-5 ina biti moja inayogeuka kila kitufe kinapobonyezwa upya, ili runinga ijue kama kitufe kimeshikiliwa au kimebonyezwa mara ya pili. Rimoti inayonakili bila kuielewa itifaki huigandisha biti hiyo, na anayetaka chaneli ya 11 huishia kwenye 1.

Kiyoyozi ndicho kigumu kuliko vyote. Rimoti ya runinga hutuma amri moja, kwa mfano kuongeza sauti. Rimoti ya kiyoyozi hutuma hali nzima kila kitufe kinapobonyezwa: nyuzi joto, baridi au joto, kasi ya feni, mwelekeo wa upepo, saa ya kuzima. Ujumbe huo huweza kuvuka biti 100. Namba inayoonekana kwenye kioo cha rimoti ni kumbukumbu ya rimoti yenyewe. Kwa kawaida kiyoyozi hakirudishi jibu lolote. Kitufe cha kupandisha joto kikinakiliwa kinapofikisha 24 kwenye kioo, rimoti mpya itatuma 24 daima, hata kibonyezwe mara ngapi. Kinachohitajika hapo ni rimoti iliyoundwa mahsusi kwa viyoyozi, yenye kioo na itifaki za kampuni husika.

Kuna vifaa ambavyo infraredi haivigusi. Vijiti vya Fire TV huamrishwa kwa Bluetooth, vya Roku kwa Wi-Fi, na vitufe vya sauti ya kuongea hupita kwenye redio kwa sababu infraredi ya kawaida ni ya upande mmoja na ya polepole mno kubeba sauti. Rimoti nyingi za runinga janja huchanganya: kuwasha na kuzima kwa infraredi, vingine kwa Bluetooth. Rimoti ya infraredi pekee hapo itafanikiwa nusu.

Kitufe cha kuzima vyote kwa pamoja hukwamishwa na jambo jingine. Vifaa vingi vina amri moja tu ya kuwasha na kuzima, basi kilichokuwa kimezimwa huwaka wakati vingine vinazimika. Rimoti za Logitech Harmony zililitatua kwa kuweka kumbukumbu ya hali ya kila kifaa, lakini Aprili 2021 kampuni ilitangaza kuacha kuzitengeneza.

Njia nyingine hupitia kebo. Kwa mfumo wa CEC ndani ya HDMI, rimoti ya runinga huendesha pia kifaa kilichochomekwa. Samsung huuita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync, na kila mtengenezaji hutekeleza sehemu ya amri anazozitaka, kwa hiyo king'amuzi kinaweza kuwaka pamoja na runinga lakini kikakataa kubadilisha chaneli.