Kulala Juu ya Birika la Mvua

Unguja inaishi kwa mvua. Hakuna bomba la maji linalovuka bahari kutoka Bara, hakuna ziwa kubwa la kutegemewa, na hakuna mlima wenye theluji. Hata mito yetu michache haina safari ndefu. Mwera, ulio mashuhuri kuliko yote, hushuka kutoka vilima vya katikati ya kisiwa, na ukifika kwenye ardhi ya mawe hupotelea chini kabla haujaiona bahari. Kwa hiyo mgeni aliyekuja kupumzika ufukweni na mama wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, anayepanga madumu yake alfajiri wanategemea mawingu yale yale ya masika na vuli.

Watu wengi wakizungumzia hoteli nzuri husifu kitanda, chakula na mandhari. Mimi huuliza maji. Kwenye kisiwa cha matumbawe, ubora wa mahali pa kupumzikia hupimwa kwa namna panavyopata maji matamu na panavyoyaaga yakishatumika, kwa sababu msitu, wanyama na miamba ya bahari ambayo mgeni amekuja kuitazama vyote vinakunywa humo humo.

Mji wenyewe ni ushahidi. Zamani Mji Mkongwe ulipokuwa umetengwa na Ng'ambo kwa hori la bahari, wakaazi wa pande zote mbili walitegemea visima. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyevuta maji kwa mabomba hadi mjini kutoka chemchem za upande wa Bububu. Chemchem ile ni mvua iliyozama taratibu kwenye udongo mzito wa magharibi ya kisiwa, ikachujwa njiani, ikatokea bondeni. Hori limekwisha kufukiwa, majumba ya ghorofa ya Michenzani yamesimama huko Ng'ambo, na watu wameongezeka mara nyingi, lakini kanuni ya chini ya ardhi haikubadilika.

Mashariki na kusini mambo ni mengine. Huko ndiko kwenye fukwe nyeupe zilizojaa hoteli, na huko ndiko kwenye uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo wa kuokoteza mifukoni mwa mawe. Mawe hayo yalikuwa miamba hai chini ya bahari, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ni chokaa tupu. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye majani yanayooza, yakawa na ukali mdogo, na ukali huo huila chokaa kidogo kidogo hadi ikafanya nyufa, mashimo na mapango. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha Jambiani au Makunduchi, haichukui muda maji yakawa hayaonekani tena. Yameshuka. Yameshuka upesi, bila kuchujwa sawasawa, na chochote kilichokuwa juu ya ardhi kimeshuka nayo.

Yakifika chini hukutana na maji ya chumvi, kwa sababu bahari nayo hupenya ndani ya mawe hayo hayo. Hapo ndipo fizikia inapofanya kazi nzuri ajabu. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya maji ya bahari ina karibu kilo 1.025. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji matamu yaelee juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake, waliigundua hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 nyingine zimezama chini ya usawa huo, zikiibana chumvi isipande.

Hesabu hiyo inafurahisha ukiisoma kwa mbele. Isome kinyumenyume utaona hatari. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa mita 1 na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi chini yake unaweza kupanda kwa karibu mita 40. Mwenye kisima haoni kitu, maji yanaendelea kutoka, mpaka siku moja chai inakuwa na ladha ya bahari. Na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa kusubiri wiki mbili, kinahitaji misimu mingi ya mvua na pampu iliyozimwa.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha vipimo vya matumizi ya maji katika pwani ya mashariki ya Unguja. Aliona kwamba mtalii mmoja alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku, wakati mwanakijiji alitumia lita 48. Mgeni hanywi kupita mwenyeji, wala haogi mara kumi na nne. Sehemu kubwa ya maji hayo ilitumika kumwagilia bustani: majani ya kijani na maua yaliyopandwa juu ya mawe yasiyoshika unyevu, yanayotaka maji kila siku ili picha zipendeze. Nimeitafakari sana namba hiyo. Naona ni dhuluma kwa mwanakijiji ambaye kisima chake kiko mita chache nyuma ya ukuta wa hoteli, na ni dhuluma isiyo na ulazima, kwa sababu njia nyingine ipo na imekwisha kujaribiwa hapa hapa.

Njia hiyo iko Chumbe, kisiwa kidogo kilomita kama 12 kusini ya Mji Mkongwe, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904.  Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller alianzisha mradi wa kukihifadhi kisiwa hicho, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza mwamba wa magharibi yake kuwa hifadhi isiyovuliwa samaki. Fedha za kulinda mwamba, kulipa walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na kuleta wanafunzi wa skuli za Zanzibar kujifunza baharini, zinatokana na wageni wanaolala kwenye mabanda 7 tu ya kuezekwa kwa makuti.

Chumbe haina kisima wala chemchem. Kwa hiyo kila banda limejengwa liwe mtambo wa maji. Paa ni pana na limeinama ili lipokee mvua. Mvua hupita kwenye chujio la mchanga na changarawe, ikaingia kwenye birika lililo chini ya sakafu, na mgeni hulala juu ya maji yake mwenyewe. Maji hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto kwa jua. Chooni hakuna maji ya kuvuta. Kinyesi huchanganywa na majani makavu na huachiwa vijidudu vinavyohitaji hewa vikigeuze mboji. Maji ya kuogea nayo hayaachwi yatiririke ovyo, huelekezwa kwenye vitalu vya mimea inayokula naitrojeni na fosforasi iliyomo. Bwawa la kuogelea hakuna, wala bustani ya majani ya kumwagilia.

Tupige hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 kamili. Chukua paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, kiwango ambacho si cha ajabu kwa Unguja: hizo ni lita 150,000. Toa sehemu ya tano kwa kile kinachomwagika na kukauka, zinabaki 120,000. Kwa matumizi ya lita 48 kwa siku, paa hilo linawatosha watu 6 mwaka mzima na ziada inabaki. Kwa lita 685, halimtoshi hata nusu ya mtu mmoja. Kwa hiyo mvua ya kisiwa hiki inaweza kumpumzisha mgeni vizuri sana, mradi asiletewe tabia za mahali penye mito mikubwa.

Ule uangalifu wa choo na maji machafu una maana yake baharini, na hapa ndipo nataka msomaji atulie. Tumbawe ni mnyama mdogo anayefuga mwani ndani ya ngozi yake. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake, naye humpa makaazi. Ushirika huo umestawi kwenye maji maangavu na yenye rutuba kidogo mno. Ukimwaga rutuba kutoka mashimo ya vyoo kupitia nyufa za mawe, mwani mwingine wa nje, ule wa majani, huota haraka na kuyafunika matumbawe machanga yakakosa mwanga. Chumbe zimehesabiwa zaidi ya aina 400 za samaki na karibu aina 200 za matumbawe magumu, na mtu huweza kuyaona kwa miwani ya kuzamia tu, maji yakiwa kiunoni wakati wa kupwa. Banda zuri halitazuia joto la bahari. Mwaka 1998 matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka kwa joto kali, yakaufukuza mwani wake, na mengi yakafa. Lakini mwamba usiolishwa uchafu wala kuvuliwa kupita kiasi huwa na nguvu zaidi za kupona, na hilo liko mikononi mwetu.

Usiku, kisiwani humo hutoka kaa wa minazi, mkubwa kuliko wanyama wote wa nchi kavu wenye miguu ya kuungana, anayeweza kufika kilo 4. Huyu ni kaa aliyeiacha bahari hata akaisahau: ukimtosa majini kwa muda, atazama afe, maana anavuta hewa kwa viungo vinavyofanana na mapafu. Hata hivyo viungo hivyo lazima vibaki na unyevu, na jike hana budi kurudi ukingoni kumwaga mayai, ili watoto waishi majini wiki chache kabla ya kupanda. Porini kuna paa nunga pia, paa mdogo anayepatikana Zanzibar na pwani ya Kenya pekee. Wachache walihamishiwa Chumbe kutoka Unguja ili wapate kimbilio, na kwa kuwa hakuna chemchem, hupata maji yao kwenye majani, umande na mvua.

Ukirudi Unguja, safari ya siku inayofaa kufuatia ni Jozani, kilomita kama 35 kutoka mjini, hifadhi ya taifa tangu 2004. Tofauti na uwanda mkavu unaouzunguka, msitu huu umekaa kwenye bonde la chini, kati ya Ghuba ya Chwaka na mikoko ya Pete, na maji ya ardhini yako karibu kabisa na mizizi. Masika ikikolea hupanda yakatuama juu ya ardhi. Mitondoo mirefu, michikichi na mimea ya kijani chini yake vinaishi kwa hifadhi hiyo ya maji. Ukitaka kuiona ile tabaka ya maji matamu niliyoieleza hapo juu kwa macho yako bila kuchimba, nenda Jozani baada ya mvua kubwa.

Kima punju wa msitu huu, ambaye hayupo kwa asili popote duniani nje ya Zanzibar, hula majani machanga na matunda mabichi, na tumbo lake lenye vyumba huyachachua kwa msaada wa bakteria. Majani hayo humpa karibu maji yote anayohitaji, ndiyo sababu ni nadra kumwona akinywa. Wale wanaoishi kwenye mikoko wana hali nyingine: mtafiti Katarzyna Nowak alichapisha mwaka 2008 kwamba kima wa mikokoni hunywa maji mara kwa mara, kwa kuwa chakula chao kina chumvi nyingi. Na wale wa pembezoni mwa mashamba, wanaopenda majani ya mikungu na miembe, wamejifunza dawa: wanaokota mkaa kwenye tanuri na mabaki ya moto, wanautafuna. Thomas Struhsaker na wenzake waliandika juu ya tabia hiyo mwaka 1997. Mkaa hunasa fenoli, kemikali za majani zinazozuia usagaji wa chakula, na kima anabaki na lishe. Sensa iliyochapishwa miaka ya karibuni ilihesabu zaidi ya kima 5,800 kisiwani, wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini baadhi yao wako nje ya hifadhi, kwenye vichaka ambavyo hukatwa kwa kuni, mkaa na viwanja.

Hawa wanyama ni jamaa wa Bara. Kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, waakiolojia wamechimbua mabaki ya watu waliokaa humo miaka kama 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia. Wakati huo bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 na Unguja ilikuwa kipande cha Bara. Barafu ya dunia ilipoyeyuka, mlango bahari ukajaa. Pundamilia hawakubaki. Kima na paa nunga walibaki, kwenye misitu iliyoweza kuwanywesha.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande mbili. Unayepanga kulala hotelini Unguja, uwe umetoka ng'ambo ya bahari au Ng'ambo ya Mjini, kabla hujalipa uliza maji ya pale yanatoka wapi na yakishatumika yanakwenda wapi, na ukikosa jibu tafuta pengine. Na wewe mzazi wa Ng'ambo, likizo ijayo wapandishe watoto daladala ya kusini uwapeleke Jozani. Kima punju ni wao kabla ya kuwa wa mgeni yeyote, na ni wao watakaoamua kama msitu ule utaendelea kupata maji yake.