Faili ina mistari 310, kompyuta inalia kuhusu mstari wa 1,146

Watu wakitaja teknolojia Ukambani, wengi hufikiria Konza. Mimi nafikiria meza ya plastiki kwenye saiba moja hapa Wote, Ijumaa usiku, soda imeisha na macho yamekuwa mekundu.

Kikundi kimoja kinachonunua ndengu Kitui na Makueni kilikuwa na programu ya zamani ya kupiga hesabu ya malipo. Imeandikwa kwa lugha ya C, na ndani yake kuna amri za SQL za kuuliza hifadhidata ya Oracle. Kazi yangu ilikuwa kuongeza hesabu ya makato ya magunia. Wakulima walikuwa walipwe Jumamosi asubuhi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo nilijua nikikwama watasema, "Si tulijua hakumaliza."

Basi nikakwama. Faili yangu ilikuwa na mistari 310. Kompaila ikaniambia kosa liko mstari wa 1,146. Mstari gani huo, jamani? Nilisoma faili yote mara nne. Nikafuta, nikarudisha, nikalaumu hata kompyuta ya wenyewe.

Saa tano usiku nikampigia rafiki yangu anayesoma SEKU, kule Kwa Vonza. Akacheka kwanza. "Buda, unatafuta kwenye faili isiyo yako. Fungua ile ya .c."

Hapo ndipo nilielewa. Kompaila ya C haijui SQL hata kidogo. Ndiyo maana faili yako ya .pc hupitia kwanza kwa Pro*C, ambayo ni kama mkalimani: inageuza amri za EXEC SQL kuwa mistari ya C, halafu inaandika faili mpya. Kompaila inasoma hiyo mpya. Mistari 310 inakuwa zaidi ya elfu moja, na namba ya kosa ni ya huko.

Nikaenda mstari wa 1,146, nikapanda juu kidogo. Mkalimani huacha amri yako ya SQL kama maelezo ndani ya faili mpya, kwa hivyo nikajua niko wapi. Chini ya amri hiyo nilikuwa nimeandika jumla_kila badala ya jumla_kilo. Herufi moja! Saa tatu zimeenda hivyo.

Kama nawe unaguswa na programu za aina hii, shika haya:

Kwanza, angalia nani analalamika. Ujumbe ukianza na PCC, ni mkalimani: pengine umesahau nukta mkato, au umetumia jina ambalo halijui. Bila PCC, ni kompaila ya C. Ukiona "undefined reference", hapo umefika hatua ya kuunganisha, na mara nyingi ni maktaba iliyokosekana.

Pili, weka LINES=YES unapoendesha Pro*C. Namba za makosa zitarudi kwenye faili yako. Usipoiweka, kawaida yake ni NO.

Tatu, anza na kosa la kwanza kabisa. Yale mengine ishirini mara nyingi ni watoto wake.

Nne, kimya si ushindi. Kwa kawaida Pro*C hukagua tu kama amri ya SQL imepangwa sawa. Haiendi kuuliza kama jedwali lipo. Ukitaka iulize, weka SQLCHECK=SEMANTICS na uipe jina la kuingilia hifadhidata.

Saa nane usiku programu ikakubali. Sikulala. Nilichukua hesabu ya mkulima mmoja, nikaipiga kwa kalamu na karatasi, nikalinganisha. Zikalingana hadi shilingi.

Asubuhi watu walipanga foleni wakalipwa. Hakuna aliyeniuliza kama nilimaliza chuo. Mama mmoja aliniuliza tu, "Mwanangu, hii mashini imehesabu vizuri?" Nikamwonyesha ile karatasi.