Chakula Bila Kikomo: Dhamana ya Shibe ni ya Nani?

Katika miji mingi ya Marekani, na siku hizi katika miji mingine mingi duniani, mikahawa huwaalika wateja kwa tangazo lenye maneno machache: lipa mara moja, ule kiasi upendacho. Mteja hutoa bei moja mlangoni, kisha huwa huru kurudi mezani na kujaza sahani yake mara nyingi kadiri awezavyo. Tangazo hili lina jamaa zake: bilauri ya soda inayojazwa tena bila malipo, pakiti kubwa ya chipsi kwa nyongeza ndogo ya fedha, na piza ya pili itolewayo bure kwa anunuaye ya kwanza, kama ionekanavyo pia Nairobi na Dar es Salaam.

Mtu alaye kupita kiasi mbele ya meza ya namna hiyo na hatimaye akapatwa na unene uliokithiri, je, alaumiwe yeye, au alaumiwe yule aliyemwandalia? Wako wasemao kwamba hakuna aliyeshikwa mkono akalishwa kwa nguvu. Wako pia wasemao kwamba mlaji ni windo na tangazo ni mtego. Kabla ya kutoa hukumu yafaa kuchunguza mambo mawili: jinsi biashara hii inavyofanya kazi, na jinsi mwili wa binadamu unavyotambua shibe.

Asili ya desturi hii

Meza ambayo kila mtu hujipakulia si uvumbuzi wa Wamarekani. Waswidi walikuwa nayo zamani, na waliionyesha kwa walimwengu katika Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939. Katika miaka ya 1940 hoteli ya El Rancho Vegas, mjini Las Vegas, iliweka meza ya vyakula vingi kwa bei nafuu. Lengo halikuwa kupata faida ya chakula, bali kuwazuia wageni wasitoke nje ya jengo lenye michezo ya kamari. Hoteli nyingine zikaiga, na baadaye mikahawa ya chakula cha haraka ikaichukua desturi hiyo na kuifanya kuwa biashara kamili.

Hesabu ya mwenye mkahawa

Huenda mtu akashangaa jinsi mfanyabiashara anavyoweza kupata faida hali amewaruhusu wateja wale bila mwisho. Jibu ni kwamba yeye hahesabu tumbo la mtu mmoja, bali wastani wa matumbo mengi. Mlafi mmoja hufidiwa na wateja kadhaa wanaokula kidogo. Aidha, vyakula vyenye gharama ndogo na vijazavyo tumbo upesi, kama vile mkate, wali, viazi na soda, huwekwa mahali pa kufikiwa kwanza. Nyama na samaki hufuata baadaye.

Hata hivyo, hesabu hiyo huweza kukosea. Mwezi Juni mwaka 2023 mikahawa ya Red Lobster nchini Marekani iliifanya ya kudumu ofa yake ya kula kamba bila kikomo kwa dola 20. Wateja walifurika kupita matarajio na kampuni ikapata hasara ya mamilioni ya dola. Mwezi Mei mwaka 2024 iliomba hifadhi ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, ijapokuwa zilikuwako pia sababu nyingine, kama vile kodi kubwa za majengo.

Kwa upande wa mteja, bei ya mkupuo hugeuza maana ya kila tonge. Akishalipa mlangoni, sahani ya pili na ya tatu hazimgharimu kitu. Naye huona kwamba akiondoka na nafasi tumboni amepunjwa. Wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza tabia hii mwaka 1985. Watu walionunua tikiti za msimu za tamthilia katika Chuo Kikuu cha Ohio kwa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko wale waliopunguziwa bei bila kutarajia, ingawa fedha zilikuwa zimekwisha kutoka kwa wote. Binadamu huifuata fedha iliyokwisha kupotea. Mezani huifuata kwa kijiko, na kwa njia hiyo hulipa mara mbili: kwanza kwa mfuko, kisha kwa mwili. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Jinsi mwili unavyotambua shibe

Tumbo tupu la mtu mzima ni dogo, lakini kuta zake hunyumbuka na kuweza kupokea lita 1 ya chakula au zaidi. Kuta hizo zinapovutwa, ncha za neva zilizomo hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva ya vagasi. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza. Ishara ya pili hutoka katika utumbo mwembamba: mafuta na protini zinapoufikia, chembe za utumbo hutoa homoni, mojawapo ikiwa ni kolesistokinini, ambazo hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni na kuuarifu ubongo kwamba chakula kimefika. Wakati huohuo hupungua grelini, homoni ya njaa itokayo zaidi tumboni, ambayo iligunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999.

Iko pia ishara ya muda mrefu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni ya homoni iliyoitwa leptini, itolewayo na chembe za mafuta mwilini. Akiba ya mafuta inapoongezeka, leptini huongezeka, na ubongo hupata habari kwamba ghala limejaa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kwa watu wengi walionenepa sana leptini huwa nyingi, lakini ubongo huwa hauitikii tena ipasavyo.

Mfumo huu una kasoro mbili zinazohusu mada yetu. Kwanza, ishara za utumbo huchelewa. Mara nyingi hupita robo saa au zaidi kabla ya shibe kuhisiwa barabara. Mtu alaye upesi chakula laini, kisichohitaji kutafunwa sana, huweza kumaliza sahani mbili kabla habari za sahani ya kwanza hazijafika. Pili, tumbo hupima zaidi ujazo kuliko nishati. Gramu 1 ya wanga au protini ina takriban kilokalori 4, lakini gramu 1 ya mafuta ina 9. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kilokalori zipatazo 87. Uzito uleule wa chipsi una 300 hivi. Tumbo haliujui vema upungufu huo wa uwiano.

Nguvu ya mazingira

Majaribio yamethibitisha kwamba kiasi cha chakula aliwacho mtu hutegemea sana namna kilivyowekwa mbele yake. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba watu waliopewa sandwichi za aina nne walikula theluthi moja zaidi ya walivyokula walipopewa aina moja tu. Sababu ni kwamba hamu hukinai ladha moja, wala haikinai chakula chote. Kila ladha mpya huiamsha upya. Mwaka 2002 Rolls na wenzake waliwapa watu wazima makaroni yenye jibini katika vipimo vinne, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Walipopewa kipimo kikubwa walikula nishati zaidi kwa asilimia 30 kuliko walipopewa kidogo.

Jaribio lenye uzito zaidi liliongozwa na Kevin Hall katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2019. Watu 20 waliishi wodini na kupewa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula visivyosindikwa. Milo ya aina zote mbili iliandaliwa kwa viwango sawa vya nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Wakati wa vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka kilo 0.9, wakati wa vile vingine walipungua kilo 0.9. Watu walikuwa walewale, na nia zao zilezile. Kilichobadilika ni chakula.

Mahakama na sheria

Suala la lawama lilifikishwa mahakamani New York mwaka 2002, wasichana wawili walipoishitaki kampuni ya McDonald's kwa kuwasababishia unene na maradhi. Mwaka 2003 Jaji Robert Sweet aliitupa kesi hiyo, akieleza kwamba mtu ajuaye, au apaswaye kujua, madhara ya kula kupita kiasi hawezi kumtwika mwingine lawama. Hata hivyo alisema pia kwamba mambo yangekuwa tofauti kama chakula kingekuwa na hatari ambayo mlaji wa kawaida hawezi kuijua. Mwaka 2005 mahakama ya rufani iliifufua sehemu ya kesi iliyohusu matangazo, lakini mwaka 2010 wadai walikataliwa kuwawakilisha wengine kwa pamoja.

Baadhi ya serikali zimeamua kurekebisha mazingira badala ya kungoja kesi. Tangu mwaka 2008 mikahawa mikubwa ya mtandao mjini New York hulazimika kuandika kiasi cha nishati kando ya bei. Mexico ilianza kutoza ushuru wa vinywaji vyenye sukari mwaka 2014. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi za onyo kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2017 kujaza tena bure vinywaji vyenye sukari mahali pa umma.

Wajibu wa mlaji

Basi je, mlaji hana wajibu? Anao, lakini yafaa ujulikane wakati wake. Mtu aliyekwisha kulipa, aliyeketi mbele ya vyakula kumi huku shibe yake ikichelewa, anapigana vita mahali palipochaguliwa na mwenzake. Uamuzi wenye nguvu ni ule unaofanywa mapema: kuchagua mahali pa kula, kuchukua sahani ndogo, kuanza na mboga, kunywa maji, kula polepole, na kungoja kabla ya kujipakulia tena. Naye auzaye ana wajibu wa kusema kweli juu ya anachokiuza. Na dola ina wajibu wa kuwalinda watoto, ambao hawajafikia umri wa kupima maneno ya tangazo.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri, ambao huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Katika nchi zetu unene huo sasa huonekana pamoja na utapiamlo, pengine katika nyumba moja.

Zoezi la darasani

Chukueni mlo wa chipsi gramu 300 pamoja na bilauri ya soda ya nusu lita yenye sukari gramu 53, iliyojazwa mara tatu. Chipsi zina kilokalori 900 hivi. Soda ina gramu 159 za sukari, yaani kilokalori 636. Jumla ni 1,536. Linganisheni na mahitaji ya mtu atumiaye kilokalori 2,000 kwa siku, ambaye Shirika la Afya Duniani lashauri sukari yake ya kuongezwa isizidi gramu 50. Kisha jadilini: katika jumla hiyo, ni sehemu ipi iliyotokana na njaa, na ni ipi iliyotokana na neno “bure”?