Chaneli Ndogo ya Video na Nguvu za Mwenye Kuiendesha

Chaneli ndogo ya video katika intaneti aghalabu haifi siku moja. Kwanza video huanza kuchelewa, kisha hupungua urefu, kisha mwenye chaneli huomba radhi kwa kukawia, na baada ya hapo huwa kimya. Akiulizwa sababu, atajibu kwamba watazamaji walikuwa wachache. Lakini watazamaji walikuwa wachache tangu siku ya kwanza, na siku hiyo hakuacha. Kilichobadilika ni nguvu zake. Makala haya yanazungumzia nguvu hizo: hutumikaje, hupotezwa na nini, na ni kwa njia gani mwalimu au mwanafunzi wa Kibaha au Kisarawe anaweza kukuza chaneli ya masomo pasipo kujimaliza mwenyewe.

Wakazi wa Mkoa wa Pwani wanayo sababu ya karibu ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 2021 kijana wa Kimasai kutoka upande wa Lugoba, Yusuf Kimesera, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kili Paul, alianza kupata sifa pamoja na dada yake Neema kwa video fupi ambamo walifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi. Mwezi Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima, na tarehe 27 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Habari za namna hii hufika haraka kila kijiji chenye mnara wa simu, na kila mwenye kamera huanza kujipigia hesabu. Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha maradhi, kwa maana tukio la nadra haliwezi kuwa kipimo cha kazi ya kila wiki.

Uchovu wa namna ya pekee

Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watu waliojitolea kufanya kazi katika zahanati za bure. Hawakuwa wavivu, kinyume chake, walikuwa ndio wenye moyo zaidi. Hata hivyo, baada ya kiasi cha mwaka mmoja wengi wao walichoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja haukuitibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi yenyewe, na kuona kwamba juhudi hazizai matunda. Shirika lilifafanua pia kwamba hali hii haihesabiwi kuwa ugonjwa, bali ni matokeo ya mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa.

Mwenye chaneli ndogo hufanana sana na wale wa zahanati. Hakuna aliyemwajiri, kwa hiyo hakuna saa ya kutoka kazini. Yeye ndiye bwana na ndiye mtumishi, na bwana wa namna hiyo huwa mkali kuliko mwajiri yeyote.

Na tumchukue, kwa mfano tu, mwalimu wa baiolojia mjini Kibaha anayetaka kutoa video ya dakika 10 kila wiki. Tuseme kuandika maelezo kunamchukua saa 4, kupiga picha saa 3, kuhariri saa 7, na kupakia pamoja na kujibu maswali saa 1. Jumla ni saa 15. Baada ya vipindi, kusahihisha madaftari na shughuli za nyumbani, anabaki na saa 6 za hiari kwa wiki. Upungufu ni saa 9, na hauna pa kutoka isipokuwa usingizini: saa 9 zikigawanywa kwa usiku 7 ni saa 1 na dakika 17 hivi kila usiku. Aliyekuwa akilala kwa muda wa saa 7 na robo sasa analala saa 6.

Wapo watakaosema kwamba saa 6 zinatosha. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Hans Van Dongen, walitoa matokeo ya jaribio la kuwapunguzia watu usingizi kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 au pungufu kila usiku walifikia hatua ya kukosea katika majaribio ya akili kama mtu aliyekesha hadi siku mbili. La kutisha zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakujitambua; walidhani wamezoea. Mwalimu wetu wa mfano, basi, hatajua kwamba amechoka. Atajua tu kwamba kuhariri, kulikokuwa kukichukua saa 7, sasa kunachukua 9, na kwamba watoto wa kidato cha pili wanamkera kuliko zamani.

Namba zinazoyumba

Yafaa kuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu ajiwekee ratiba ambayo hesabu ya darasa la sita ingeikataa. Jibu limo katika namba zinazoonekana chini ya kila video.

Tuseme kwa wastani video za chaneli hii hupata watazamaji 25 katika siku ya kwanza. Mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson alionyesha mwaka 1837 kwamba matukio yanayojitokeza kwa nasibu, kila moja peke yake, huyumba kuzunguka wastani wake kwa kiasi cha kipeo cha pili cha wastani huo. Kipeo cha pili cha 25 ni 5. Kwa kawaida, basi, namba itacheza kati ya 15 na 35 bila sababu yoyote. Video ya Jumatatu ikipata 34 na ya Jumatatu inayofuata ikipata 16, mwalimu atasema ameshuka kwa zaidi ya nusu, ilhali hakuna kilichotokea. Katika chaneli yenye watazamaji 10,000 kipeo cha pili ni 100, yaani mchezo wa asilimia 2 tu juu na chini. Kwa hiyo mwenye chaneli ndogo ndiye anayepewa habari zilizo chafu zaidi, na ndiye anayezisoma mara nyingi zaidi kwa siku. Kwa kweli hali ni mbaya kuliko kanuni hii inavyoonyesha, kwani watazamaji hawaji mmoja mmoja: kiranja akiituma video katika kundi la simu la darasa zima, 40 huingia kwa mpigo.

Liko na jambo jingine. Francis Galton wa Uingereza, alipopima urefu wa wazazi na watoto wao mwaka 1886, aliona kwamba wazazi warefu mno huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Kila kipimo kilichopanda sana kwa bahati huelekea kurejea karibu na wastani kinapopimwa tena. Video moja ikipata 300, inayofuata itashuka, hata ikiwa nzuri zaidi. Hapo ndipo watu wengi huanza kukesha, wakidhani wamepotewa na ufundi.

Wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walikwisha kueleza mwaka 1957 kinachofuata. Njiwa aliyepewa punje baada ya idadi ya midonoo isiyotabirika alidonoa kwa kasi na kwa muda mrefu bila kuacha, tena aliendelea sana hata punje zilipokoma. Kidole kinachofungua simu mara 30 kwa siku kutazama idadi ya watazamaji hakina tofauti kubwa na mdomo wa njiwa huyo.

Ongezeko la juhudi lingekuwa na maana kama lingefikisha mahali. Sharti la YouTube la kumpa mwenye chaneli mgawo wa matangazo, lililowekwa mwaka 2018, ni watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 (video fupi zina kipimo chake). Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa kila video hupata watazamaji 50 kwa mwaka, na kila mmoja hutazama dakika 4, basi video 52 za kila wiki zitaleta dakika 10,400, yaani saa 173. Video 24, mbili kwa mwezi, zitaleta saa 80. Kati ya 80 na 173 ipo tofauti, lakini zote mbili ziko mbali na 4,000 kiasi kwamba si haki kumnyima mtu usingizi kwa ajili yake.

Kazi yenye mwisho

Kinachokuza chaneli ya masomo ni video inayoendelea kutazamwa baada ya mwenyewe kulala. Habari ya mjini huoza kwa siku mbili. Maelezo mazuri ya usanisinuru hutafutwa na kila kundi jipya la wanafunzi. Hata mtaala uliorekebishwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, haukuibadilisha klorofili. Mwenye busara hafungi video yake kwenye namba ya ukurasa wa kitabu, bali kwenye jambo lenyewe.

Na mambo yenyewe yako mlangoni. Mwanafunzi wa Kisarawe ana udongo mweupe wa kaolini wa vilima vya Pugu, ambao unaweza kufundisha kemia ya silika na alumina kuliko mchoro wowote. Ana misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya pwani yenye viumbe wasiopatikana penginepo. Mwenzake wa Kibaha ana mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, ambako maji ya mto husafishwa kabla ya kwenda Dar es Salaam, na kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kinachotengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu. Video sita za namna hiyo zina maisha marefu kuliko sitini za kukimbizana na mambo ya siku.

Kuhusu ratiba, Tanzania ina mfano wake, wa zamani kuliko intaneti. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, waliokusanyika katika vikundi kusikiliza, kusoma na kujadiliana. Vipindi vilidumu wiki 12, kisha vikakoma. Kabla ya hapo, mwaka 1971, ilikuwapo kampeni ndogo ya Wakati wa Furaha. Baada yake, mwaka 1975, ikaja Chakula ni Uhai. Kati ya moja na nyingine palikuwa na miaka miwili, na miaka hiyo haikuwa ya uvivu: vitabu viliandikwa na viongozi wa vikundi walifundishwa. Hakuna aliyeona aibu kwamba redio haikuendelea na kampeni ile ile kila wiki bila kikomo. Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha hisabati na sayansi kilichoanza kuonyeshwa TBC mwaka 2014, nacho hutengenezwa kwa misimu.

Kwa mwalimu wetu, msimu wa video 6 ni saa 90. Kwa saa 6 za wiki, hizo ni wiki 15. Akizitengeneza zote kabla ya kutoa ya kwanza, ataweza kuzitoa moja kila baada ya wiki mbili huku akisahihisha mitihani kwa utulivu, na kama ataugua malaria wiki ya tatu, hakuna mtazamaji atakayejua. Namba na atazitazame mwisho wa msimu, zikiwa zimejumlishwa. Jumla ya video sita huyumba kidogo kuliko video moja.

Saa nyingine zinaweza kupunguzwa katika kazi yenyewe. Picha ya kifahari haihitajiki katika somo la ubaoni, bali sauti safi. Video ya dakika 10 kwa megabiti 2.5 kwa sekunde ni megabaiti 187.5, kwa megabiti 1 ni 75. Mwanafunzi anayenunua bando kwa fedha ya nauli atashukuru kwa tofauti hiyo, na mhariri pia, kwa maana faili dogo hupakiwa upesi.

Kabla ya kuanza, mwenye chaneli aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama aina ya maudhui yake inahitaji leseni, kwani kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitungwa mwaka 2018, zikatungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye. Klabu ya sayansi ya shule ina faida kuliko mtu mmoja, kwa sababu mwandishi, mpiga picha na mhariri wanaweza kuwa watu watatu, kila mmoja akabeba saa 5 badala ya 15. Ila nywila ya chaneli iwekwe kwa mwalimu mlezi na kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kwa maana wa kidato cha nne wataondoka nayo wakimaliza mitihani ya Novemba.